Mvua ya Kwanza Juu ya Mabati

Zamu ilipomfikia Wachuka, wanawake kumi na saba walipiga vigelegele kwa pamoja, naye akakunja uso kama mtu aliyetafuna ndimu. Kwa bahati hakuna aliyemwona. Walikuwa wamekaa kwenye majani nje ya nyumba ya Watiri, mikono bado ina udongo wa palizi, na Ngendo mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba nyumba ya kumi na mbili kuezekwa na kikundi itakuwa ile ya Gatimu na Wachuka, kule juu ya reli. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, mwezi wa pili, vumbi limejaa Kiganjo yote, na kila mwanamke ambaye hajaezekwa alikuwa akihesabu wiki zilizobaki kabla ya mvua ndefu.

Mwingine yeyote angelia kwa furaha. Kwa miaka mitatu walikuwa wakienda pamoja kupalilia kahawa katika mashamba makubwa, kubeba mawe ya barabara na kukata majani ya ng'ombe wa watu, na ujira wote uliingia katika mkebe mmoja. Mkebe ukijaa, mabati yananunuliwa, yanabebwa kichwani kutoka madukani kwa nyimbo, na mwanamke mmoja anatoka chini ya nyasi. Wachuka alikuwa ameimba katika nyumba kumi na moja. Mara kumi na moja alikuwa amebeba mabati hayo, akivumilia jinsi yanavyolia njiani yakigongana, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika.

"Mwenyekiti," alisema, kelele zilipokwisha. "Hii zamu mpatie Kagure. Mimi naweza kungoja."

"Ati nini?" Ngendo aliuliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko bonde la pili, na hata alipouliza kwa upole ilikuwa kelele.

"Kagure ako na watoto sita. Mimi niko na mmoja. Apewe yeye kwanza."

Wanawake walicheka, wakidhani ni adabu. Mtu akipewa kitu kikubwa hakipokei papo hapo kama mwenye njaa. Anakataa kidogo, anabembelezwa, ndipo anapokea. Watiri alimsukuma kwa kiwiko. "Wacha aibu, Mama Theuri. Sema asante twende tukanywe chai."

Lakini Wachuka hakusema asante. Alitazama mikono yake akarudia, polepole, kwamba apewe Kagure. Na Kagure mwenyewe, ambaye angeyapokea mabati hayo hata kama yangekuwa ya moto, akawa wa kwanza kuacha kucheka.

* * *

Niseme wazi jinsi mwanamke huyu alivyokuwa, maana yeye mwenyewe hakuwa na maneno ya kulisema jambo hilo. Kila kitu kilimfikia kwa nguvu kuliko kilivyowafikia wengine. Alisikia wadudu wakitafuna mahindi ghalani. Alinusa asubuhi maziwa yatakayoharibika jioni. Nguo mpya aliivaa ndani-nje siku tatu za kwanza, akaifunika kwa leso, ili mshono usimkwaruze. Ng'ombe wao aliposhikwa na uchungu wa kuzaa mapema, ni Wachuka aliyejua akiwa jikoni, kwa jinsi mnyama alivyopumua, na ndama akaokolewa. Siku hiyo walimsifu. Lakini mwili huohuo ulipigwa na filimbi ya treni, na sufuria zikianguka, na watu wakicheka wote kwa pamoja, na jua la saa saba likimulika kitu cheupe. Na hapo hakuna aliyemsifu. Tangu utotoni aliambiwa anajifanya, kwa hiyo alijifunza kutabasamu huku ameuma meno.

Mara moja tu alikuwa amekutwa na mvua ndani ya nyumba ya mabati, hapohapo kwa Watiri, mwaka uliotangulia. Wenzake walikuwa wakipiga gumzo kwa kupaza sauti, wakiifurahia ile ngurumo juu ya vichwa vyao. Yeye aliona nyumba yote imemwingia kichwani. Alitoka nje akatapika kwenye migomba. Watiri alipomfuata kumuuliza, Wachuka alishika jibu lililokuwa karibu: akasema ana mimba. Wakamletea uji kwa zamu, wakambebea kuni. Baada ya miezi miwili ilimbidi aseme imeharibika, na wanawake wale wema wakaja kukaa naye mchana kutwa, wakamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwako. Wachuka naye alilia. Alilia kwa aibu, na pia kwa upweke wa kufarijiwa kwa jambo ambalo halikumpata.

Tangu hapo alijua zamu yake itakuja, na alijua kitakachofuata. Nyumba kubwa ingeezuliwa, na jiko pia, kwa sababu kikundi kilikuwa na sheria: mwanamke akiezekwa, hakuna nyasi zinazobaki katika boma lake, hata za banda la kuku. Nyumba ya tatu waliyoezeka iliachiwa jiko la nyasi, cheche ikaruka, na mbao mpya zikaungua upande mmoja. Ngendo akasema haitatokea tena.

Na jiko lile la duara, lenye nyasi nene kama blanketi tatu, ndilo lililokuwa pumziko lake. Mvua iliponyesha, humo ndani hukuisikia. Ulijua tu kwa harufu ya udongo. Kila siku, kazi zikimzidi na watu wakimzidi, Wachuka aliingia humo, akarudisha mlango, akakaa kando ya mafiga kwa muda mfupi, na mwili wake ukatulia. Kisha aliweza kutoka na kuwa mke wa mtu na mama wa mtu. Wakiliezua, hakuwa na pahali pengine duniani.

* * *

Habari ya zamu ilifika nyumbani kabla yake. Habari ya kukataa ilichelewa kidogo njiani. Kwa hiyo Wachuka alimkuta mama mkwe wake, Warigia, akicheza peke yake uani, mzee wa watu, na mtoto Theuri mgongoni akirushwarushwa bila kuamka.

"Mwanangu!" Warigia alimshika mabega. "Nitakufa chini ya bati! Nilikuwa nimeshakata tamaa, na sasa wewe umeniletea bati!"

Wachuka akamwambia apumzike, asije akaumia goti.

Gatimu alirudi jioni na baiskeli yake kutoka kazini. Alikuwa mpishi katika chuo cha polisi, na yeye alikuwa amezisikia habari zote mbili. Aliwasha redio, akavua viatu, akakaa.

"Kule kazini wamenicheka," alisema. "Ati bibi yangu amekataa mabati ya bure."

"Si ya bure. Nimeyafanyia kazi miaka mitatu."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Unajua Peterson wa jikoni kwetu ananiita nani? Ananiita Ndege, kwa sababu nalala kwa nyasi. Mbele ya kila mtu. 'Ndege, lete chumvi.'" Alisema hivyo akitabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

"Punguza redio kidogo, Baba Theuri."

Akapunguza. Gatimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alishinda mchana kutwa katikati ya sufuria kubwa na ndogo, na bendi ya chuo ikifanya mazoezi nyuma ya dirisha, na ukimuuliza jioni bendi ilipiga wimbo gani, angekuuliza, bendi gani? Dunia ilimgonga ikapita zake.

"Ni sauti," Wachuka alisema. Alikuwa hajawahi kujaribu kulieleza, na maneno yalitoka moja moja. "Mvua ikipiga bati, ile sauti inaniingia. Inaniuma."

"Inakuuma wapi?"

"Pote."

"Kichwa?"

"Kichwa, meno, tumbo. Mpaka ngozi."

Gatimu alimtazama kwa huruma ya kweli. Alifikiri sana. "Mvua inapiga bati, Wachuka," alisema mwishowe. "Haikupigi wewe." Alisema hivyo kumtuliza. Na kesho yake alimletea pamba kutoka kwa daktari wa chuo, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Wachuka aliitia masikioni kwa siku nzima ili asimvunje moyo. Kwa pamba hiyo hakuwasikia kuku, lakini alisikia damu yake mwenyewe ikienda na kurudi, na jioni aliitoa akaificha.

"Basi nyumba kubwa iezekwe," alimwambia. "Sikatai tena. Lakini jiko mniachie na nyasi zake. Hilo tu."

"Mimi jiko ni la nini kwangu?" Gatimu alisema. "Muulize Ngendo. Hiyo sheria ni ya wanawake."

* * *

Hakuhitaji kwenda kumuuliza. Ngendo alikuja mwenyewe asubuhi ya Jumatano, akiwa na Watiri, na waliposema hawataki chai Wachuka akajua mambo yameharibika.

"Tunataka kuona hilo jiko," Ngendo alisema.

Walisimama ndani, macho yakizoea giza. Ngendo alikuwa na fimbo ya kuswagia ng'ombe. Bila kuomba ruhusa aliinua fimbo hiyo akaanza kuchokoa nyasi za dari, huku na huku, masizi yakiwaangukia vichwani. Wachuka alielewa polepole. Walikuwa wakitafuta kitu kilichofichwa. Mwanamke hakatai bati bila sababu, na sababu ya kulinda nyasi ni ile iliyofichwa ndani ya nyasi. Hivyo ndivyo kijiji kilivyokuwa kimepiga hesabu yake katika siku nne. Kilianguka kijiko cha zamani kilichoshika kutu. Lilianguka gunzi la mahindi. Ngendo aliligeuza gunzi kwa ncha ya fimbo, pande zote, akaliacha.

Kisha akaona matambara yaliyosokotwa kwenye nyufa za mlango na kidirisha.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kuzuia upepo."

"Hapa hakuna upepo."

"Ya kuzuia kelele," Wachuka alisema. Hakuweza tena kubuni.

Wale wanawake wawili walitazamana. "Kelele ya nani?" Ngendo aliuliza. "Hapa juu si mko peke yenu?"

Watiri ndiye aliyekuwa rafiki yake. Wote wawili waliolewa katika ukoo huo mwaka mmoja, wakafundishana kukwepa kazi za wakwe, na kama kulikuwa na mtu wa kuambiwa, ni yeye. Wachuka akamgeukia. "Watiri, unakumbuka ile siku nilitapika kwako?"

"Ile ya mimba."

"Sikuwa na mimba. Ilikuwa ni mabati. Mvua ilikuja, ile sauti ikanishinda, nikatapika. Niliona aibu kusema. Ndiyo hiyo tu, sina kitu ingine. Mimi siwezi ile sauti."

Alilisema lote kwa pumzi moja, na kwa kitambo kidogo alijisikia mwepesi. Halafu akaona uso wa Watiri.

"Hukuwa na mimba?"

"Hapana."

"Nyumba yangu ndiyo ilikutapisha?"

"Si nyumba, Watiri. Ni sauti."

"Nilikuletea uji," Watiri alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mtoto wangu akiwa na surua, nilimwacha nikakuletea uji. Nilikaa hapa, kwa hiki kiti. Nilimlilia mtoto wako kuliko vile nililia wangu yule wa kwanza, kwa sababu wako nilikuwa na mtu wa kulia naye."

Wachuka alimsogelea. Alinyoosha mkono, na Watiri akaurudisha wake nyuma.

Ngendo alisafisha koo. Hata yeye hakupenda alichokuwa akisema, lakini alikuwa mwenyekiti. "Mama Theuri, sikiza. Wale kumi na moja wako chini ya jasho yako. Wewe ukikataa jasho yao, wanalala aje? Jumamosi tunakuja na mabati. Uwe umeamua. Na kama ni jiko, jiko inatoka. Sisi hatuachi nyasi ya mtu mmoja, ati kwa sababu ya masikio."

* * *

Mchana huo Warigia alimfuata jikoni. Masizi yalikuwa yametapakaa chini na Wachuka alikuwa hajafagia. Mzee alijishusha kwenye kigoda, akapandisha mkono wa sweta yake, akaunyoosha mkono mbele ya mwanga wa mlango. Kovu lilianzia kwenye kiwiko likashuka hadi kwenye kidole kidogo. Wachuka alikuwa ameliona kila siku kwa miaka mitano na hakuwahi kuuliza, kwa sababu mambo ya miaka ile ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni, hayakuulizwa.

"Waliwasha nyasi kutoka nje," Warigia alisema. "Mimi nilitoka na Gatimu. Nilirudi kuchukua dada yake, na dari ikaanguka. Nyasi ikishika moto haikungoji." Alishusha mkono wa sweta. "Mimi tangu siku hiyo, mwanangu, sijalala. Nalala kidogo, naamka, nanusa moshi. Natoka, nazunguka nyumba. Hakuna moto. Najua hakuna. Lakini nanusa. Mtu mwingine hanusi, ni mimi tu."

Wachuka aliacha ufagio. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiishi na mtu aliyenusa kisichonuswa na wengine, aliyeteswa na hewa ileile ambayo wengine waliivuta tu, na hawakuwahi kuambiana.

"Mama," alisema, akachuchumaa mbele yake. "Basi wewe ni kama mimi. Mimi pia, vitu vinanifikia. Ile sauti ya bati, kwangu ni kama huo moshi. Watu wanasema si kitu, na mimi inaniingia mpaka naona nitaanguka."

Warigia alimtazama kwa makini. "Wewe ulifanyiwa nini?"

"Sikufanyiwa kitu."

"Bati lilikuangukia? Ulipigwa?"

"Hapana. Nilizaliwa hivi."

Mzee alikaa akifikiri, na Wachuka akamngoja kama hajawahi kumngoja mtu.

"Basi si kama mimi," Warigia alisema mwishowe, bila ukali, kama mtu anayerudisha kitu ambacho si chake. "Mimi niko na sababu. Wewe ni mwili tu. Mwili unazoea." Kisha akamshika kidevu. "Nisaidie, mwanangu. Nikisikia mvua inapiga juu ya bati, nitajua hakuna moto unaweza kushika. Nitalala. Nipatie hiyo, kabla sijaenda."

Ukipenda mlaumu Warigia, mimi siwezi. Wachuka pia hakuweza. Alimtazama yule mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa miaka kumi na minane, akaona kwamba katika boma hilo kuna usingizi mmoja tu na watu wawili wanaouhitaji. Akasema, "Sawa, Mama." Kisha akafagia masizi.

* * *

Jumamosi walikuja wakiimba, mabati thelathini vichwani, jua likiyamulika hata Wachuka akashindwa kuwatazama. Fundi alikuwa Muriithi, kijana mwenye mdomo umejaa misumari, na kila msumari aliopiga Wachuka aliupokea kwenye meno. Alipika. Alichota maji. Alitabasamu pale ilipotakiwa. Mara mbili alienda nyuma ya choo, akaziba masikio kwa viganja, akahesabu hadi hamsini, akarudi.

Ilipofika zamu ya jiko, wanawake walisimama wakalizunguka. Desturi ya kikundi ilikuwa kwamba mwenye nyumba ndiye anayeng'oa fungu la kwanza la nyasi kwa mikono yake, alitupe chini, na wenzake walikanyage kwa ngoma. Wengine walipong'oa lao walilitemea mate. Wachuka alipanda ngazi, akaweka mkono ndani ya nyasi. Zilikuwa na joto la moshi wa asubuhi. Aliuacha ule mkono humo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka mtu chini akakohoa, kisha akavuta.

Wakashangilia sana. Warigia alipiga vigelegele vyake pembeni, macho ameyafumba. Watiri alikanyaga nyasi pamoja na wengine, akaimba pamoja na wengine, wala hakumtazama. Ilipofika saa kumi, jiko lilikuwa ukuta wa duara bila kitu juu yake, na mafiga yakaonekana peupe, madogo, kila mtu akiyaona. Mabati ya jiko yangenunuliwa baadaye, mkebe ukijaa tena.

Gatimu alipopanda mlima na baiskeli yake aliona paa linang'aa kutoka kule relini. Alisimama, akashuka, akalitazama. Wachuka alimwona akifuta macho kwa mkono wa koti, na alifurahi kwa ajili yake, kweli alifurahi, akiwa amesimama peke yake kando ya jiko lililo wazi.

* * *

Mvua ilikawia hadi wiki ya pili ya Aprili. Ilikuja mchana, saa tisa, kutoka upande wa mlima, na kabla ya tone la kwanza wanawake walikuwa tayari wanapanda njia wakikimbia, kanga na magunia vichwani. Hiyo nayo ilikuwa desturi yao: mvua ya kwanza juu ya mabati mapya haisikilizwi na wenye nyumba peke yao. Ngendo alileta maziwa. Kagure alileta ndizi zilizochemshwa. Hata Watiri alikuja, akakaa karibu na mlango, na alipompa Wachuka mkono aliuacha mkononi mwake kidogo zaidi ya salamu. Huo ulikuwa msamaha, na Wachuka aliujua.

Matone ya kwanza yalianguka mbalimbali, kila moja na mlio wake. Wanawake waliinua nyuso wakicheka. Kisha mlima wote ukamwagika.

Wachuka alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini kwa sababu hakujua tena mikono yake iko wapi. Sauti haikuwa na mwanzo wala pahali ilipotoka. Ilikuwa ndani ya mifupa ya uso, ndani ya mbavu, ikigonga kila kitu kwa wakati mmoja bila kupumzika. Aliona midomo ya wanawake ikifunguka na kufungika. Aliona Theuri amelala kitandani, hana habari. Aliona Warigia ameketi chini ya paa lake, kichwa kimeegemea ukuta, na uso wake umelegea, laini, uso wa mtu ambaye hatimaye atalala.

Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusikia kitu, Wachuka akasema. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kusema maishani. "Mmeniua!" alisema. "Mnanipenda na mmeniua! Siwezi! Nitakaa wapi? Mniambie, mimi nitakaa wapi?" Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni. Alimwambia Ngendo, alimwambia Watiri, akamgeukia Warigia na kumwambia yeye zaidi ya wote, mikono yote miwili ikiwa mbele yake.

Warigia alifumbua macho, akamwona. Uso wa mzee ukajaa mapenzi. Akaishika ile mikono, akamvuta, akaweka mdomo sikioni mwake akapiga kelele kushinda mvua. "Najua, mwanangu! Lia! Hata mimi nimelia! Ni furaha!"

Wanawake waliona machozi, wakaelewa hivyohivyo. Ngendo akainuka wa kwanza. Wakamzunguka wote, Watiri naye, wakamkumbatia kwa mikono iliyolowa, na chini ya ile ngurumo wakampigia vigelegele vya baraka, moja, mbili, tatu, nne, tano.

Wachuka alijitoa katikati yao, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevua nguo. Alifika mlangoni akatoka. Alivuka ua katika mvua, akapita pale palipokuwa mlango wa jiko, akaingia ndani ya ule ukuta wa duara usio na kitu juu, akakaa chini kando ya mafiga. Maji yalimpiga kichwani na mabegani, ya baridi, lakini juu ya udongo mvua haikuwa na kelele nyingi. Akapumua. Akapumua tena.

Kutoka pale aliuona mlango wa nyumba kubwa, na wanawake wamesongamana humo wakimtazama. Hawakuwa wakicheka. Ngendo alikuwa ananyoosha kidole, akiuliza kitu. Kisha Warigia akawapenya akaja mbele, akatazama kule jikoni kwa kitambo kirefu, na mvua katikati yao. Wachuka aliinua mkono kidogo kutoka gotini. Hakujua kama anamwita au anamwambia aende zake.

Mzee akawageukia wageni wake. "Ameenda kuleta kuni!" aliwapigia kelele, ili wamsikie chini ya lile bati. "Anakuja sasa hivi! Kunyweni chai!"

Kisha akafunga mlango, maana mvua ilikuwa ikiingia ndani.